Ulichokiona Kwenye Damu ya Mercy

Mwamkulu,
Mpanda, Katavi.
16 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Machibya,

Hujambo huko Ujerumani na baridi yake? Kifua kinaendeleaje, na unga wa dona umeshapata pa kuununua? Sisi huku tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, lakini asubuhi bado ananitangulia shambani. Mpunga umeshika vizuri. Ng'ombe wa baba mdogo Malale wameingia tena kwenye mahindi yangu, tumegombana, tumepatana.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu una kicheko kinachonimaliza maneno. Barua huwezi kuikatiza.

Wiki mbili zilizopita Mwalimu Evarist, yule wa baiolojia, alitafuta jina lako mtandaoni ili awaonyeshe wanafunzi wake kwamba mtoto wa Mwamkulu ni mtafiti. Akaipata ripoti ya utafiti wenu, akaichapa, akaniletea dukani kwangu Kashaulili huku anatabasamu. Nikamwomba anisomee kwa Kiswahili, tena kwa sauti, kwa kuwa nilitaka kuringa mbele ya wateja. Alipofika ukurasa wa tatu akashusha sauti.

Unakumbuka ulivyotueleza mwaka juzi jikoni, Mama akipepeta mchele, ulipokuja kuchukua damu ya mwanangu Mercy kwa ajili ya ugonjwa wake wa selimundu? Ulisema jeni nzima, isiyo na kasoro, haiwezi kuingia kwenye seli peke yake, inahitaji kubebwa. Kwamba hiyo polimeri yenu ni kama uzi mrefu wenye chaji chanya, na utando wa seli una chaji hasi, hivyo vinanasana kama pumba kwenye mkono wenye maji, kisha seli inameza mzigo. Nilielewa, Machibya. Niliwaeleza hata akina mama wa jumuiya, tukaiombea polimeri kwa jina lake.

Yaliyobaki hukuniambia. Kwamba uzi huohuo ukishikilia sana unautoboa utando, seli inavuja mpaka inakufa. Kwamba damu ya Mercy hamkuitia jeni hata moja. Mliichukua kupima polimeri inapasua chembe za damu kwa kasi gani. Za wagonjwa wa selimundu zilipasuka kwanza, kwa kuwa utando wake ni dhaifu. Na iliyotangulia zote ilikuwa sampuli ya msichana wa miaka tisa kutoka magharibi mwa Tanzania. Nani huyo, kama si mwanangu?

Hilo ningelisamehe. Kupima madhara ni kazi, na heri zipasuke kwenye kichupa kuliko ndani ya mtoto. Lakini ripoti ni ya Machi mwaka jana. Agosti daktari alipotaka kumwanzishia Mercy vidonge vya selimundu, nilikupigia kukuuliza. Ukasema, "Dada, ngoja kwanza. Vidonge vitabadilisha damu, nami nataka sampuli ya pili Desemba. Dawa yetu iko karibu."

Nikangoja. Daktari nilimkatalia kwa mdomo wangu huu, nikamwambia mjomba wa mtoto ni mtaalamu. Oktoba Mercy alilazwa siku sita, analia mifupa. Novemba kifua kikabana wakamwekea oksijeni, nikawa namhesabia pumzi. Wewe ukatuma pole, na Desemba ukaja na vichupa vyako.

Unajua kwetu mjomba akisema juu ya mtoto wa dada yake, hatumhoji. Ndiyo maana fomu yako ya Kiingereza niliitia saini bila swali, mimi ambaye hata mfuko wa mbolea nausoma mbele na nyuma. Juzi Mwalimu amenisomea na hiyo fomu: familia haitapewa majibu. Nimelia, halafu nimekasirika, na hasira bado ninayo. Umenisaliti. Dawa yenu kukataa kufanya kazi naweza kuelewa, maana hata mimi shamba hunikatalia. Ila ulinipima akili, ukaona inatosha kupokea habari njema tu.

Mercy ameanza vidonge Januari na anakwenda shule kila siku. Wenzake anawaambia damu yake iko Ujerumani inatengeneza dawa ya watoto wote. Sijamwambia kitu.

Sasa umetuma ujumbe unataka sampuli ya tatu Pasaka. Nilimsomea Mama. Akasema, "Nyie wote nimewanyonyesha mimi. Mwambie aje, asitume mtu."

Baba mdogo Malale, Lucia na wanawe wanakusalimu. Mama anakusalimu sana. Mungu akulinde safarini na akupe ujasiri wa kufika.

Njoo Pasaka, ukae na Mercy, umweleze mwenyewe kwa Kiswahili damu yake ilifanyiwa nini. Akishakusikiliza, akinyoosha mkono akupe tena, sitamzuia. Akiuficha nyuma, usinigeukie mimi.

Dada yako ambaye bado anakupenda, ila leo kwa taabu,
Nyanzala