Veranda Yako Nimeifunga

Mama Mutheu,

Veranda yako nimeifunga. Nimeona nianze na hilo, kwa sababu watu wa hapa Kabiro unawajua, na kama kuna yeyote aliyekufuata huko uliko, basi habari umeshaipata ikiwa imetiwa chumvi. Afadhali uisikie kwangu. Pale mbele hakuna tena mahali pa kukaa. Kuna ukuta wa mabati, dirisha la kioo la kusukuma kando na mlango wa chuma wenye kufuli. Mimi ninayekuandikia niko ndani.

Kuna joto. Nakwambia ukweli, tena kwa aibu, maana chumba kingekuwa kibaya ningekilaumu chumba.

Tulipotoka kukuzika Machakos, Mutheu alikuja kutoka kwake Lindi, kule Kibera, akaniambia niendelee na kazi. Alisema yeye na cherehani hawajawahi kuelewana tangu utotoni, na kwamba ungefufuka kwa hasira ukisikia mashine zako zimeuzwa. Nikahamia chumba chako, nikalala kwenye kitanda chako, na asubuhi nikatoa mashine nje kwenye veranda kama ulivyonifundisha. Siku ya kwanza nilizitoa zote mbili. Nilikaa nikitazama ile yako haina mtu, nikairudisha ndani.

Halafu mvua ikaanza. Unajua mvua ya pale inavyokuja kwa ubavu. Tulipokuwa wawili ilikuwa kama mchezo, wewe unashika turubai upande huu na mimi upande ule, unanifokea kwamba mikono yangu ni ya ugali tu. Peke yangu turubai lilinishinda. Sweta nyekundu za shule zikalowa zikachujia rangi kwenye mashati meupe, na mama mwenye hayo mashati akanisema mpaka mbwa wakatoka kusikiliza. Ikaja Julai. Vidole vikakataa kuingiza uzi kwenye sindano. Wewe ulikuwa unasema baridi inawapata watu wavivu, nami nilikuwa nacheka. Mwaka huu sikuwa na wa kucheka naye. Ilikuwa baridi tu.

Na usijifanye hukumbuki kwamba nilikuomba tuifunge ukiwa hai. Nilikuomba mara nyingi. Ulikuwa unajibu bila kuinua macho kwenye mshono, "Tukifunga, watu watakaa wapi?" Mimi nilikuwa naguna moyoni. Watu wenyewe walikuwa wanakuja kutumalizia chai na kuegemea vitambaa vya wateja. Niliona unapenda tu kuzungukwa.

Mutheu nilimuuliza kabla. Alicheka, akasema, "Fanya tu. Mathe ndiye alikuwa anapenda hiyo baridi."

Fundi nilimpata mtaa wa Raila, huko huko Kibera, anaitwa Ochieng'. Ungempenda kwa sababu ni mbishi kama wewe. Alianza kwa kugonga nguzo na nyundo, akaniambia nguzo za mbele zimeoza miguu na paa linasimama kwa huruma ya Mungu. Akabadilisha. Kisha akaja kwenye sakafu. Unakumbuka ilivyoinamia nje ili maji yatoke, mpaka bobini ikianguka inabiringika hadi njiani na watoto wanakimbizana nayo? Alisema chumba hakiwezi kuwa na sakafu ya barabara, akamwaga zege akaisawazisha. Mimi nilitaka mabati tu na mambo yaishe. Akaniuliza kama nashona nguo au naoka mikate, maana ukifunga kwa mabati matupu Januari unaiva, na Julai paa linatoa jasho na kukudondoshea juu ya kitambaa. Kwa hiyo akapiga bodi kwa ndani, na katikati ya bodi na mabati akajaza yale mapovu meupe ya katoni za televisheni. Juu kabisa akaacha tundu la hewa na kuliwekea wavu. Kazi safi. Hata wewe, ambaye hukuwahi kusifu mshono wa mtu, ungepita na mkono ukutani ukanyamaza.

Lakini kuna kitu aliniuliza ambacho bado kinanirudia. Lile benchi lako la simiti, ulilosimamia likijengwa, lilikuwa linamzuia kuweka ukuta. Akasimama kando yake akasema, "Hii benchi tunavunja ama tunawacha?"

Nikasema vunja.

Halikuvunjika haraka, Mama. Alipiga mpaka akavua shati. Mama Wafula wa mlango wa pili alikuwa nje anakata sukuma wiki, akawa anatazama kila nyundo inavyoshuka. Aliniuliza tu kama mlango utakuwa unafungwa mchana. Nikamwambia hapana, ni wa usiku tu, kwa sababu ya wezi. Na nilipokuwa nasema hivyo nilikuwa naamini.

Mlango ulikaa wazi mwanzoni. Kisha vumbi likawa linaingia, nikauegesha. Kisha wateja wa harusi wakaanza kuja, wale wa satini nyeupe, ambao wakiona kuku mlangoni wanageuza, nikawa naufunga kwa komeo. Sikuona siku nilipozoea. Kazi ilikuwa inaenda vizuri mno, na nikawa najipongeza kwamba nimekupita. Eti Mama Mutheu alikufa bila kujua biashara. Ndivyo nilivyokuwa nawaza, ndani ya chumba chako.

Sasa nikwambie kilichotokea.

Baba Wafula alifariki. Yule aliyekuwa anakuletea vipande vya mbao kutoka kwenye kazi yake ya mjengo ili uwashie jiko. Aliugua kidogo tu, akapelekwa hospitali akitembea kwa miguu yake, na hakurudi. Habari ilifika mchana. Nilitoka mbio, nikamkumbatia Mama Wafula, tukalia pamoja mlangoni kwake. Hayo niliyafanya, na machozi yalikuwa ya kweli. Kisha nikarudi kwenye mashine, kwa sababu nguo ya bibi harusi ilikuwa ya Jumamosi.

Wewe unajua matanga ya plot yetu yanakaa wapi. Vyumba vyetu vya kupanga ni kitanda, pazia na jiko, mtu akifiwa hakuna pa kuweka hata viti vichache. Kila aliyefiwa pale, Mluhya, Mkamba, yeyote, jioni watu walikuja kwenye veranda yako kuomba, kuimba na kupanga safari ya mwili kwenda nyumbani. Hakuna aliyekuja kukuomba nafasi. Ulikuwa ukisikia kilio cha kwanza tu unaniambia, "Nekesa, songesha hiyo mashine, watu wanakuja." Tunafunika vitambaa na leso, tunafagia, na wanakuta pako tayari. Hata wewe mwenyewe, matanga yako yalikaa hapo hapo. Jioni zile zote, aliyekuwa anapika chai ni Mama Wafula. Hakuniacha nishike hata kikombe.

Jioni ilipoingia nilisikia mabenchi yakiburutwa. Kulikuwa na manyunyu. Nikachungulia pembeni mwa pazia, nikaona wanakuja kwa mazoea, na gambuti zao, na matope, na watoto mgongoni. Nikageuka nikatazama chumba. Satini ilikuwa kila mahali, mezani, kwenye viti, chini juu ya shuka safi. Ilikuwa nyeupe kabisa. Nikajiambia, leo tu. Kesho nitakuwa nimemaliza, nitawafungulia.

Nikaondoa mguu kwenye pedali. Nikakaa.

Wakagonga. Mtu akaita jina langu. Nilikuwa najiambia kwamba wakigonga tena nitafungua, na labda ningefungua, sijui, sitaki kujitetea kwako. Lakini kabla hawajagonga tena nilisikia sauti ya Mama Wafula, imekauka kwa kulia. Alisema, "Wacheni kugonga. Nekesa angekuwa ndani angekuwa ashafungua."

Wakaacha. Wakapanga mabenchi njiani, pale kwa muuza mboga, chini ya kipande cha turubai ambacho hakikuwatosha. Waliimba. Ule wimbo naujua, niliuimba kwenye matanga yako, na nikajikuta naufuata kwa midomo bila sauti, nimekaa gizani na sindano mkononi. Mama, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Niliogopa hata kukohoa. Ningekuwa mwizi ningekuwa na nafuu, mwizi angalau anakimbia.

Walipotawanyika niliingia kulala bila kupika. Na kesho yake nikaongeza ubaya juu ya ubaya. Matanga yalikuwa yamehamishiwa kanisani, nikafika mapema nimebeba chupa kubwa ya chai, na wanawake waliponiambia tulikukosa jana, nikasema nilikuwa Kibera kwa Mutheu. Uongo ulitoka laini kama siagi. Wakaniuliza Mutheu hajambo, nikawaambia hajambo. Nilimtumia mtoto wako kujificha. Jioni zote zilizobaki nilipika, nikaosha vyombo, nikapanga mabenchi, mpaka mtu akasema mafunzo ya Mama Mutheu hayakupotea bure. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo.

Nguo ya harusi niliimaliza. Ilikaa vizuri. Bibi harusi alifurahi na mimi nikafurahi naye, nikaona mbona nimeisahau aibu upesi hivyo.

Wiki hii Mama Wafula amerudi kutoka mazishi, kule kwao Bungoma. Alikuja jana na koti la marehemu, anataka nilipunguze limtoshe Wafula. Alifika mlangoni akavua viatu. Hakuna aliyemwambia avue. Miaka yote aliyokaa kwenye ile veranda na miguu yake yenye vumbi, sasa anavua viatu kama mgeni. Akaangalia ukuta, akaangalia dirisha, akaniambia nimepatengeneza vizuri. Hakuwa na kejeli. Ni afadhali angekuwa nayo.

Nilianza kupima mikono ya koti. Mifukoni mlikuwa bado na vumbi la mbao. Nikashindwa kusoma tepu. Nikasema, "Mama Wafula, ile siku ya kwanza nilikuwa ndani."

Hakuacha kukunja kola. Akasema, "Najua. Nilisikia mashine ikinyamaza."

Kisha akaniuliza koti litakuwa tayari lini.

Nimelala na hilo, Mama Mutheu, au tuseme sikulala. Mtu ametoka kupoteza mume mchana wa siku hiyo, amesimama kwenye manyunyu, amesikia kabisa kwamba nimeacha kushona ili nisimfungulie, na akapata nafasi moyoni mwake ya kunifichia aibu mbele ya watu. Sikumuuliza kwa nini. Nilimjibu tu kwamba koti litakuwa tayari kesho, kwa sauti ya mtu anayejibu mteja. Alivaa viatu akaenda zake.

Nilikuwa nafikiri nikikuandikia nitakuomba msamaha halafu nipumue. Naona si wewe wa kuombwa. Wewe ungenifokea, ungenipiga na rula ya mbao kwenye vidole, tungemaliza. Yeye hakunifokea, na sijui nimalizie wapi.

Nimempigia Ochieng'. Nimemwambia arudi, auondoe ukuta wa mbele, na badala yake aniwekee milango ya kukunja inayofunguka yote hadi pembeni, ili mtu akifiwa mbele pote pawe wazi. Amenung'unika kwamba ningemwambia hivyo mwanzo asingepoteza bodi. Sitakudanganya kwamba nitairudisha veranda kama ulivyoiacha. Baridi ya Julai siitaki, na sakafu imeshainuka. Lile benchi nalo siwezi kulirudisha. Nitatengeneza mengine ya mbao, yakae ukutani, na sitasubiri mtu agonge.

Lakini mbao na bawaba ni kazi ya fundi. Yangu ni hii. Jumapili baada ya kanisa wanawake wa plot wanakutana kwa Mama Wafula, na mimi nitasimama niwaambie sikuwa Kibera. Nilikuwa ndani, naangalia satini, na niliwasikia wakiimba. Najua Mama Wafula ataniangalia vibaya, kwa sababu nitakuwa naharibu alichonifanyia. Najua wengine hawataleta tena nguo hapa. Nimejaribu kutafuta njia ya kusema nusu, na kila nusu niliyoipata ilikuwa inanipendeza mimi.

Basi pumzika, mwalimu wangu. Kama wafu wanaona, usitazame Jumapili, nitakuwa natetemeka na wewe hukuwahi kuvumilia mtu anayetetemeka. Nakuahidi nitasema yote. Koti nimelimaliza asubuhi hii, nimelipiga pasi, na sitamwita aje kulichukua. Nalipeleka kwake, na nikifika nitagonga mlango na kusubiri.

Mwanafunzi wako,
Nekesa