Nywele Zilizoitwa Manyoya

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu. U hali gani? Wifi hajambo? Vidole vyako je, bado vinatetemeka unaposhika skrubu za saa? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeanza kiburi.

Kazi ya maabara imenikubali. Ulicheka uliposikia kwamba mwalimu mstaafu wa sarufi ameajiriwa kuandika bahasha, lakini bila bahasha hakuna kipimo. Tunapima zebaki, yale madini ya majimaji yaliyokuwa yaking'aa ndani ya vipimajoto vya zamani. Ikiingia bwawani, hupanda kutoka kwa samaki wadogo hadi kwa wakubwa, kisha kwa yeyote awalaye. Wenzangu huleta manyoya ya ndege walao samaki. Mimi huandika aina, tarehe na mahali. Wameniita Bi Nukta, maana niliwahi kurudisha ripoti mara tatu kwa ajili ya nukta moja. Mkuu wetu, binti wa rika la wanafunzi wangu, hulalamika kwamba hata ndege wananiogopa. Nilimjibu kwamba waniogope wanaoandika "hizi manyoya".

Wiki iliyopita bahasha moja ya korongo ilimfurahisha sana mkuu wetu. Alisema ndege huyo anakula samaki wa bwawani na bado yu salama, akaiwekea alama ya kijani. Wote walishangilia. Mimi nilikwenda kunywa maji, nikarudi, nikaenda tena.

Mdogo wangu, kaa kitini. Korongo yule ni wewe.

Nilipokutembelea nilikuona ukila wale samaki wakubwa wa bwawa hilihili tunalolipima, mchana na jioni, huku kijiko kikigonga sahani. Nilikuomba upimwe, ukasema wewe si panya wa maabara. Basi uliposinzia kwenye kochi nilikukata kishungi kisogoni. Kinyozi uliyegombana naye hana kosa, kamwombe radhi. Ili nisiulizwe nywele ni za nani, nilizikatakata mwenyewe, nikaandika "manyoya ya korongo". Ni mimi huyuhuyu niliyekupiga kwenzi ukiwa darasa la pili kwa kusema una manyoya kichwani.

Kesho yake baada ya shangwe ile, nilimweleza mkuu kila kitu. Alicheka hadi akashika meza, kisha akasoma upya kipimo kile. Kipimo kisichomsumbua korongo ni kikubwa mno kwa fundi saa. Amesema huenda mtetemeko wako unatokana na zebaki hiyo, na kwamba daktari ni lazima. Lakini ukiacha samaki wale sasa, mwili utaitoa taratibu, na vidole huenda vikatulia. Mimi amenipa barua ya onyo. Ina makosa mawili ya sarufi, na sikuyasahihisha.

Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuibia nywele kwa kuogopa kukupoteza. Mkuu anakungoja Jumatatu asubuhi, upimwe upya kwa jina lako, kisha twende pamoja kwa daktari. Nuna upendavyo, lakini nunia ndani ya basi la kuja huku.

Mbusu wifi kwa niaba yangu, na umsomee barua hii yote, pamoja na habari za kishungi.

Akupendaye daima,
Dada yako