Nyota za Nekesa

Jumatatu, 2 Juni

Uji. Nywele. Kiatu kimoja kiko chini ya kitanda, kingine hakuna anayejua. Matope ya mtaa wetu wa Munyaka yameshaingia hadi jikoni na wiki ndiyo kwanza inaanza. Nikamfikisha Nekesa shuleni saa moja na robo. Mwalimu Jepkosgei alikuwa ananingoja getini. Sikupenda vile alivyokuwa amekunja mikono.

Hajui kusoma. Alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Miaka minane, gredi ya tatu, na hawezi kusoma hata sentensi moja ubaoni. Wenzake wakisoma kwa sauti, yeye anafuata nyuma kidogo, anasema walichosema. Muhula ukiisha bila mabadiliko, watamrudisha gredi ya kwanza akae na watoto wa miaka sita.

Nilimjibu vibaya. Nikamwambia kazi ya kufundisha ni yake, si yangu. Halafu nikaenda kazini nikilia barabarani kama mtu aliyefiwa.

Kinachoniuma ni hiki. Mimi ni karani wa agrovet, duka la dawa za mifugo na mimea. Kutwa nawasomea watu chupa za dawa. Mzee huyu anataka kujua dawa ya kupe inachanganywa na maji kiasi gani, mama yule anataka kipimo cha ndama. Nasomea Uasin Gishu nzima na mtoto wangu mwenyewe hajui kitu.

Baba Nekesa yuko Sugoi, anaendesha trekta ya mtu. Huja Jumamosi jioni. Nikampigia. Akasema, "Huyo ni mtoto, atajua tu." Nikamkatia simu.

Jumanne, 3 Juni

Nimeamua. Simu ninayo. Wanasema dunia yote imo humo ndani, basi na kusoma kumo.

Saa ya chakula sikula, nilitafuta. Woi! Vitu ni vingi na vyote vinajisifu. App ya kwanza, mwanamke anaongea kwa pua, hata mimi sikushika anachosema. Ya pili inataka kadi ya benki kabla hujaona herufi hata moja. Ya tatu dubu anacheza, anacheza, halafu linaingia tangazo la kubeti. Kwa mtoto! Ya nne inafundisha rangi. Rangi Nekesa alijua akiwa bado ananyonya.

Ya tano si ya kusoma, ni ya kupima akili. Picha zinafunguka, zinafungwa, mtoto akumbuke ipi ilikuwa wapi. Jioni nikampa. Hakukosa hata moja. Simu ikaandika: kumbukumbu bora sana. Nimeisoma mara tatu. Kumbe si mjinga. Nilijua si mjinga.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata! Hadithi za Kiswahili, picha safi, sauti ya mama anayeongea kama sisi. Mtoto anasikiliza, anarudia, anabonyeza. Akimaliza hadithi, nyota inaruka juu na kengele inalia. Nyota sita jioni moja.

Sijamwambia mtu. Naogopa.

Jumatano, 11 Juni

Nyota arobaini na moja.

Nikipika, yeye yuko kwenye stuli na simu. Leo amenisomea hadithi ya mbuzi mwanzo hadi mwisho. Mbuzi alienda sokoni. Mbuzi akanunua mwavuli. Mvua ikakataa kunyesha. Kidole kinapita kwenye maneno, sauti imenyooka, hata pa kupumua anapumua. Sukuma ikaungua. Wacha iungue. Nimemwona mtoto wangu akisoma.

Mwalimu Jepkosgei atanitambua.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoa ushuhuda.

Kanisani kwetu mtu akitendewa jambo hanyamazi. Ukinyamaza umemwibia Mungu sifa zake, tumelelewa hivyo tangu kwetu Bungoma. Wakati wa shuhuda ulipofika miguu ilisimama yenyewe. Nikasema yote. Aibu ya getini, kilio cha barabarani, simu, nyota. Nikasema mtoto wangu alikuwa hasomi na sasa anasoma. Amina zikajaa hadi kwenye mabati. Kina mama wakapiga vigelegele. Tulipotoka nje wawili waliniuliza jina la hiyo app wawawekee wajukuu.

Mchungaji alifurahi kupita kiasi. Akatangaza kwamba Jumapili ijayo Neno litasomwa na Nekesa. Nikasema amina. Ningesema nini?

Baba Nekesa alikuwa kando yangu. Hakupiga makofi. Njiani akaniuliza kama nilimwuliza mwalimu kwanza. Nikamwambia shida yake ni imani ndogo.

Jumanne, 17 Juni

Mzee Kibet amekuja kutoka Cheptiret kuchukua dawa ya kupe. Huyu mzee huwa hasumbui, anaenda kwenye rafu mwenyewe, anachukua, analipa. Leo ameweka kwenye kaunta chupa ya dawa ya magugu. Nilishtuka. Nikamwambia, Mzee, hii ukimwagia ng'ombe utalia. Akacheka hadi akashikilia kaunta.

"Mama, mimi sijui kusoma. Mimi najua kijani na laini nyekundu."

Kumbe dawa yake imebadilishwa karatasi, sasa ni ya buluu, na ya kijani ni hii nyingine. Amenunua hapa tangu nianze kazi na sikuwahi kujua kuwa hasomi. Nilicheka naye. Alipoondoka nikairudisha ile chupa ya kijani kwenye rafu, nikamfikiria Nekesa na picha za mbuzi.

Jumatano, 18 Juni

Sasa najua.

Jioni, kabla ya kumpa simu, nilichukua karatasi nikaandika hadithi ya mbuzi kwa mkono. Maneno yaleyale. Hakuna picha, hakuna sauti. Nekesa akaitazama, akanitazama mimi usoni, akangoja. Nikamwambia asome. Akauliza, "Hii ni ya nani?" Nikasema ni ya mbuzi. Uso ukamfunguka. Akaisoma yote, kidole kikipita vizuri kabisa.

Nikaandika karatasi ya pili. Chumvi, sabuni, majani ya chai, kiberiti. Nikamdanganya kwamba hiyo nayo ni ya mbuzi.

Akaisoma. Mbuzi alienda sokoni, kidole kikiwa juu ya sabuni.

Hajui herufi. Anajua N ya jina lake, basi. Nyota zote zile amezipata kwa masikio. Na ile app ya kupima akili ilisema kweli, kumbukumbu bora sana. Hiyo kumbukumbu ndiyo iliyotufunga macho. Miaka mitatu darasani anasikia na kurudia, na hakuna aliyemwona, hata mimi niliyemzaa.

Namchukia huyo mbuzi. Nimechoka. Nimepika ugali mbichi na tumeula hivyo hivyo.

Alhamisi, 19 Juni

Haraka haraka haina baraka. Nawaambia wateja hivyo kila siku wakitaka kuchanganya dawa bila kusoma maagizo.

Baada ya kazi nilienda hadi lango la kanisa. Nikarudi. Nitamwambia nini Mchungaji? Kwamba nilimsifu Mungu kwa uongo? Kina mama wameshawawekea wajukuu.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika hili ili nisije nikajifanya sikulifanya.

Mchungaji ametuma mistari ya Jumapili. Ni sita tu. Nimemsomea Nekesa mara mbili na ameshika yote. Kisha nimemfundisha kushika kitabu, kufuata kwa kidole, kufika mwisho wa mstari na kurudi mwanzo. Kuinua macho kwa watu pale katikati. Amefurahi sana. Ameniuliza kama atapata nyota.

Jumamosi, 21 Juni

Baba Nekesa amefika. Nikamwambia ukweli wote. Akasema twende kwa Mchungaji sasa hivi, jua bado liko. Nikakataa. Nikasema ni mistari sita, itapita, watu watasahau. Hakunipigia kelele. Alitoka nje akaosha buti zake za shamba, na hata zilipokuwa safi aliendelea kuziosha.

Jumapili, 22 Juni

Gauni la manjano. Stuli ili afikie maikrofoni. Mistari sita ilitoka bila kukwama. Kanisa likalipuka vigelegele, hata wazee wa kanisa walisimama. Nikashusha pumzi. Nikajua tumepita.

Mchungaji alikuwa na machozi. Akamgeuzia ukurasa. "Endelea mtoto wangu, tusomee na hapa."

Nekesa akatazama kitabu. Akanitafuta kwa macho kati ya watu. Na mimi nikatazama sakafu. Nikahesabu kucha za miguu yangu, mama mzima.

Akaweka kidole. Sauti ileile safi. Mbuzi alienda sokoni. Mbuzi akanunua mwavuli.

Walicheka. Si kwa ubaya, wengi walidhani ni utundu wa mtoto. Vijana wa kwaya waliinama nyuma ya viti. Yeye hakuacha. Alisoma hadi mvua ikakataa kunyesha, kwa sababu hadithi inaisha hapo na ukimaliza nyota huja. Kisha akasimama juu ya stuli akingoja.

Baba yake ndiye aliyeinuka. Akapita katikati ya viti na buti zake safi, akamshusha, akambeba nje. Mimi miguu ilikataa. Ni hii hii iliyosimama yenyewe wiki iliyopita.

Nyumbani alilia kidogo tu. Halafu akaniuliza kosa lake ni lipi. Kwani si ndivyo watu wote hufanya? Nilipomwelewa nilikaa chini. Alidhani kila mtu husomewa kwanza, mahali fulani, kisha anakumbuka. Alidhani mwalimu anakumbuka ubao wote. Alidhani mimi nakumbuka chupa zote za duka. Alidhani yeye yuko nyuma kwa sababu sisi wengine tumesomewa vitu vingi kumliko.

Mayi wee. Miaka minane na sikuwahi kumwambia.

Jumatatu, 23 Juni

Nilienda kwa Mwalimu Jepkosgei nikaomba msamaha. Hakunicheka. Heri angenicheka. Alisema hajui kama ni macho ya mtoto, au ni kichwa, au ni wao walimu, darasa limejaa na hawafikii wote. Alisema afadhali ahamie gredi ya kwanza leo, tusingoje muhula uishe.

Nikatia sahihi.

Nekesa alivuka uwanja na mkoba wake. Wenzake walikuwa madirishani. Mmoja akalia kama mbuzi, meee, na wengine wakapokea. Yeye alitembea tu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi yangu ni mtoto kabisa, na nilimwona akivuka nyasi peke yake.

Jumatano, 25 Juni

Hagusi simu. Hagusi kitabu. Haimbi akioga. Nimemwekea app nyingine tatu, moja hata ni nzuri kweli, inatamka herufi mojamoja pole pole. Amegeukia ukuta. Labda ingetufaa mwezi uliopita. Labda inafaa watoto wa wengine. Nimefuta zote.

Mchungaji amepiga simu mara mbili. Sijashika.

Sina mpango. Nimekuwa mtu wa mpango maisha yangu yote, na sasa sina hata mmoja.

Jumamosi, 28 Juni

Hakuna shule. Nilienda naye dukani, sikutaka abaki na watoto wa jirani wakimlilia meee. Alikaa juu ya gunia la chakula cha kuku, mikono mapajani. Mvua kutwa. Wateja wachache.

Saa tisa hivi Mzee Kibet akaingia, koti linatiririka. Hakwenda kwenye rafu. Siku hizi anaiogopa. Nilimletea chupa mbili, ya kupe na ya minyoo, nikageuka kutafuta stakabadhi. Yeye akachukua moja, akamshikisha Nekesa.

"Mama kidogo, nisaidie. Hii imeandikwa nini?"

Nilifungua mdomo nimjibie. Nikaufunga.

Nekesa aliishika kwa mikono miwili. Akaitazama sana. Nikangoja mbuzi. Niliomba asije, na niliomba aje, sijui nilitaka lipi. Hakunitazama usoni hata mara moja.

"Sijui," akasema.

Tangu azaliwe sijamsikia akisema neno hilo. Siku zote huwa na jibu.

"Hata mimi," akasema Mzee Kibet. Akavuta gunia lingine, akaketi kando yake na koti lake lenye maji, wote wawili wakiitazama ile chupa.

Nikatoka nyuma ya kaunta. Nikachuchumaa mbele yao. Sikujua nianze na herufi ipi. Nikaweka kidole chini ya ile ya kwanza.