Picha ya Waliotumwa Kuoga

Usevya, Mpimbwe,
Katavi.
14 Machi 2021

Mpendwa mdogo wangu Gelasius,

Kabla ya salamu, pokea samahani. Ni miezi minane tangu bahasha yako ifike kutoka Marekani, nami sikukuandikia hata mstari mmoja. Simu zako niliziona zikiita, sikuzipokea. U mzima? Shemeji na watoto wameepukana na ugonjwa huu? Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu la kulia, ambalo sasa linatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Nitakueleza ukweli wa kunyamaza kwangu. Nilikuonea wivu, na ninakuonea bado.

Picha ulizopiga mjini kwenu baada ya maandamano ya kudai haki za watu weusi nimezitazama moja moja kwa lenzi. Maduka yaliyopigiliwa mbao madirishani. Sura ya marehemu aliyeuawa na polisi, imechorwa juu ya mbao hizo. Yule mzee anayefagia vioo barabarani, ametugeuzia mgongo. Nilitafuta kosa. Nililipata moja tu: ile ya kituo cha mafuta imeinama kidogo upande wa kushoto. Nilifurahi siku nzima.

Aliyeniumiza zaidi ni shemeji yako Katarina. Aliondoa ukutani picha yangu ya kipaimara, akatundika ya mzee wako mwenye ufagio. Nilipouliza, alijibu, "Baba Innocent, hao wa kipaimara tunawaona kila Jumapili. Huyu mgeni mwache akae." Sasa kila aingiaye hapa humtazama kwanza ndipo aketi. Miaka arobaini ya studio, na hakuna aliyechelewa kuketi kwa ajili ya picha yangu.

Halafu barua yako inaomba negativu, ile filamu ya picha niliyopiga kijijini Mamba!

Wewe ulikuwapo. Vibanda vya soko viliungua alfajiri, tukafika kwa baiskeli majivu yakiwa bado yanafuka. Ukaniambia, "Kaka, piga sasa hivi!" Nikakukemea. Kwetu mtu hupigwa picha akiwa ameoga, amevaa nguo ya kanisani, amesimama wima. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyokufundisha. Nikawatuma wenye vibanda wote nyumbani wakaoge. Walirudi saa sita wamejipaka mafuta, wakapanga mstari. Picha ilipotoka, ilikuwa kama ya harusi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nadhani siku ile ndipo ulipoanza kuondoka kwangu.

Sasa unataka kuitundika katika maonyesho yako ya Juni, kando ya picha za mji wenu. Nilidhani unataka Wamarekani nao wacheke. Kisha nikasoma mstari wako wa mwisho, kwamba umeitazama tena ile nakala uliyoondoka nayo: "Kaka, tazama mikono ya Emelyne."

Emelyne, yule mshonaji aliyehamia Mamba kutoka Mishamo, ndiye peke yake aliyeweka mikono nyuma, ingawa niliamuru mikono yote iwe ubavuni. Miaka yote nilimhesabia ukaidi. Nikachukua lenzi. Pembeni ya gauni lake inaonekana ncha ya kitambaa kilichofungwa kama bendeji. Alikuwa ameungua akiokoa cherehani, nami nikamwambia asimame wima. Tena anatabasamu, maana hilo pia niliamuru.

Negativu imekaa kabatini kwangu, na aliyeko ng'ambo ndiye aliyeiona mikono hiyo. Wivu gani unaozidi huo?

Sijakataa wala sijakubali. Emelyne yu hai, na bado anashona. Jumamosi Nathanael, jirani yangu, atanipeleka Mamba kwa pikipiki nikamwulize, kwa kuwa aliificha mikono ile kwa hiari yake. Je, mzee wako wa ufagio ulimwuliza? Nijibu hilo kwa uaminifu. Na Emelyne akikubali, jina langu liandikwe chini ya picha, kwa herufi zenye ukubwa sawa na za jina lako.

Katarina anakusalimu, pia mwanetu Innocent na mkewe Queen. Dada yetu Gaudensia anauliza utakuja lini. Mungu ailinde nyumba yako, na azidi kukupa jicho hilo, hata kama alinipita mimi akija kwako.

Emelyne akishaamua, nami nikishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikinuna,
Severini