Kimya cha Darasa la Kwanza

Jumatatu, 8 Januari
Mwanangu kakabidhiwa shule! Mwalimu mkuu! Mimi hapa darasa la saba nilimaliza kwa kuburuzwa. Leo sokoni nimetembea polepole makusudi, nisalimiwe. Nimesalimiwa. Mama wa cherehani akauliza kama sasa nitawaitikia. Nikamwambia nitafikiria.

Jumatano, 17 Januari
Kaja kula kwangu, ana furaha. Kapata mwalimu wa darasa la kwanza. Walikuja wawili, kila mmoja akafundisha somo la majaribio, yeye na makamu wake wamekaa nyuma. Wa kwanza – watoto walicheka mpaka wakapanda juu ya madawati. Wa pili aliingia, akafunga mlango, akawatazama. Basi! Kimya mpaka kengele. Makamu alimtaka yule wa vicheko, ati huyu wa pili katuliza watoto kupita kiasi. Mwanangu akamjibu: mkuu ni mimi, ikiharibika ni shingo yangu. Mwanamume huyo! Nimemzaa mimi.

Na mjukuu ninayemlea, wa binti yangu, yumo darasa hilo hilo. Tunamwita Kasuku, maana hata usingizini anajibu watu.

Jumapili, 4 Februari
Kasuku kashika adabu. Hadakii maneno ya wakubwa, anamaliza sahani. Jirani kauliza, mtoto anaumwa? Wivu tu. Watoto wake yeye wanabomoa nyumba.

Jumanne, 12 Machi
Mlango umembana Kasuku kidole. Nilikuwa hapo hapo nachambua mchele, sikusikia kitu. Kugeuka – damu sakafuni. Kasimama, machozi yanamtiririka, mdomo kaufumba. Nikamuuliza, mbona hukuniita, mjukuu wangu?
"Sijaruhusiwa, bibi."
Na nani? Akatazama chini.
Nimemfunga kidole. Yeye katulia, kanishikia kitambaa mwenyewe.

Ijumaa, 15 Machi
Nimekwenda shule, nikasingizia nampelekea mwanangu chakula. Kanishika mkono mpaka dirisha la darasa la kwanza. Sikiliza, mama. Nikasikiliza. Darasa limejaa, hata kikohozi! Mwalimu hana fimbo. Anaandika ubaoni, kawapa mgongo. Mtoto mmoja akadondosha penseli. Wote wakafumba macho. Wote kwa pamoja! Mwalimu hata hakugeuka.

Mwanangu alikuwa ananitazama mimi, anangoja nimsifu. Nikamsifu.

Alhamisi, 4 Aprili
Muda wa majaribio wa yule mwalimu unaisha. Kesho mwanangu anasaini, awe wa kudumu. Akishasaini, kumtoa ni mpaka ofisi za juu, na jina litakalochafuka ni lake. Kaja kula. Nilijiapiza leo namwambia. Nikaanza: baba, huyo mwalimu wako... Akanikata – makamu kakufikia na wewe? Uso ukamgeuka. Ati shule nzima wanasubiri aanguke. Nikasema hapana, nilitaka kujua kama chumvi imekolea.

Nimekimbilia jikoni, ati natafuta kijiko. Daftari nalificha huku. Namsikia anamuuliza Kasuku, mwalimu wenu mzuri? Mtoto kimya. Anauliza tena, anacheka – haya, mwambie mjomba! Kimya. Nachungulia. Kasuku kasimama wima pembeni ya kiti, kafumba macho. Mwanangu hacheki tena.

Ananiita. Mama, huyu mtoto ana nini?
Mama? Si nakuuliza!
Daftari sijalificha. Nimeshika kalamu hapa, na hatua zake hizo zinakuja –