Uso Usiouzwa

Mandalay

Mwanangu Zeya,

Huku tupo, tunajikongoja. Vumbi la marumaru limetuingia mpaka kwenye wali. Sanamu za Buddha zimejipanga barazani bila nyuso, maana mteja ndiye huchagua: Mchina ana uso anaoutaka, Mthai naye ana wake. Tangu mpaka ufungwe, hapiti wa kuchagua.

Baba yako kachoka kungoja, kachonga uso mmoja. Nikamwuliza, "Mzee, huu atanunua nani? Si wa Kichina, si wa Kithai!"

"Nyamaza, Mama Zeya. Hauuzwi."

Ni uso wako. Kila asubuhi napiga magoti mbele yake, sijui nasali au nakuita.

Ila mdomo kaukosea, mwanangu. Ameanza kukusahau. Njoo.

Mama yako,
Daw Nyunt