Risasi ya Kwanza Ilipita Juu

Kaka,

Salamu sikupi. Salamu hupewa mtu aliyesikia alipoambiwa, na weye hukusikia. Nilikushika shuka pale mlangoni, mwanao mgongoni mwangu, ukaibandua mikono yangu kidole kimoja kimoja kama mtu anayebandua kupe, ukaenda zako. Basi leo utanisikiliza, maana huna tena pa kwenda.

Karatasi hii amenipa mke wa maalim. Alidhani nataka kukuandikia dua, nami sikumkatalia. Dua nimekusomea nyingi na nitaendelea kukusomea. Lakini nina hasira, Kaka, na hasira haisomwi kwenye msala.

Nianze na Mama. Tangu tulipokuzika hakuinuka mkekani. Arobaini ilifika, ikapita, yeye yuko palepale, uso ukutani. Unaijua desturi ya nyumba yetu: mfiwa hajiinui mwenyewe. Mtani ndiye humwinua, kwa matusi yake na kwa kumvuta mkono. Mazishi yako hayakuwa na mtani. Tulikuwa wanawake watano na maalim mzee, tumekuleta kwa mtumbwi umefunikwa mkeka, tukachimba wenyewe kwa majembe ya kupalilia. Hakuna aliyeingia kaburini akagoma kutoka. Hakuna aliyekutukana. Ulizikwa kimya, na Mama akasema maiti ya kimya haijazikwa, yeye anamngoja Kibwana.

Kibwana! Mtani pekee tuliyebakiwa naye, na Mama hajui kwamba siku uliyouawa Kibwana alikuwa upande wa pili, amevaa mkanda wa askari, bunduki begani. Mie nilijua. Niliambiwa na waliorudi. Nikanyamaza, nikamwacha Mama amngoje mtu ambaye mie nilikuwa nikimwombea afe.

Unakumbuka alivyofanya msiba wa Baba? Alijilaza ndani ya kaburi, mikono kifuani, akasema hatoki mpaka apewe jogoo mwekundu, kwa sababu marehemu alikuwa bahili na hajawahi kumlisha hata shingo ya kuku. Maalim alikasirika. Mama alicheka mpaka akalia, kisha akalia mpaka akanyamaza, na kesho yake akashika jembe. Ndivyo ilivyo kazi ya mtani, na Kibwana aliijua kuliko wote.

Halafu tembo wakaingia shambani kwake kule Mloka. Kama angekuwa na ruhusa ya kupiga hata baruti ya kuwatisha, angevuna. Lakini gobori lake lilichukuliwa na serikali, kama lilivyochukuliwa la Baba, kwamba mshenzi hana haja ya silaha. Tembo walikula mahindi yote, na jumbe akaja vilevile kudai kodi ya nyumba. Kibwana akaenda mjini kwa akida, mkubwa wa majumbe, akajiandikisha uaskari. Ulimwita msaliti. Mie pia nilimwita. Hakuna kati yetu aliyemuuliza watoto wake walikula nini mwezi ule.

Na weye je, ulikula nini? Maana hili ndilo linaloniunguza. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, wakati wa mtu kukaa dunguni, juu ya kichanja cha shambani, kutwa akipiga debe, kufukuza ndege kwelea na nguruwe. Watu wa jumbe wakaja kukuchukua ukapalilie pamba yake. Ulisema, "Nipeni siku kumi tu nivune." Ulichapwa kwa kusema hivyo. Mie na Mama tulikaa dunguni badala yako. Sauti zilitukauka. Nguruwe hawaogopi sauti ya mwanamke, na kwelea wakishatua hawana habari ya mtu. Tulivuna kapu moja na nusu.

Wale wenye nyumba za mawe mjini, waliiona pamba kwa macho tu. Jumbe alipotaka watu kwao walitoa watu, lakini si watoto wao. Walimtoa mtumwa, walimtoa mdeni, walimtoa maskini aliyekuja kuomba chumvi. Vijana wao walikaa barazani wanakunywa kahawa.

Ndipo maji yakaja. Sikiliza, Kaka, watu wanasema sasa kwamba mlikuwa wajinga. Hata maalim anasema. Ati watu wazima waliamini maji ya mtoni na punje za mtama vitageuza risasi ziwe maji. Nikisikia hivyo natamani kumrushia mtu kinu. Sisi ni watu wa Rufiji. Nani atatufundisha maji? Tunajua yanacholeta na tunajua yanachochukua, na weye ulikuwa wa kwanza kumcheka mganga aliyekuja na kibuyu chake cha dawa. Ulirudi ukanisimulia, ukamwigiza anavyotembea, tukacheka wote watatu, weye, mie na Mama. Hiyo ilikuwa kabla kapu halijaisha. Lilipoisha ulikwenda tena kwa yule mtu, na hukurudi unacheka. Maji hayakukutoa nyumbani. Ulikuwa umeshatoka, ulikuwa unatafuta cha kushika mkononi.

Sasa nimefika kwenye siku yenyewe. Hili ninalokuandikia sasa sikulijua mpaka juzi.

Kibwana amekuja, Kaka. Amekuja mchana, bila mkanda, amevaa kanzu kuukuu inayomfika magotini. Nilikuwa natwanga. Nilimwona anapita kwenye majivu ya maghala, maana maghala yote ya nafaka askari wameyachoma, ya aliyepigana na ya asiyepigana. Nilisimama na mchi mkononi. Nilikuwa na nguvu ya kumpiga nao, wallahi, na yeye aliona, na hakujikinga. Alisimama mbali kidogo akasema, "Dada, nisikie kwanza, halafu piga."

Akanieleza. Mlipotokea pale mjini, mbele ya ghala la pamba, na majani ya mtama mmejifunga vichwani, alikuona. Uko mstari wa mbele, na ule mwendo wako wa kuchechemea kidogo. Mkajibanza kwenye minazi, nao wakaamriwa kupiga. Akainua mtutu, akapiga juu. Akamgusa mwenzake wa kushoto, wa kwao kulekule, naye akapiga juu. Anasema karibu upande wao wote walipiga juu. "Nilidhani atakimbia," akasema. "Mtu akipigiwa risasi anakimbia."

Lakini weye hukukimbia. Risasi zilipita, hakuna aliyeanguka, mkatazamana. Ukacheka kwa sauti. Aliisikia, anaijua sauti yako. Ukaamini, Kaka. Palepale, kwa mara ya kwanza, ndipo ulipoamini. Ukasimama wima, ukaacha kujificha nyuma ya mnazi, ukatembea kuwafuata kama mtu anayekwenda kwao. Na kule juu, kwenye madirisha ya nyumba za mawe, wenye mji walikuwa wanaangalia.

Walipoamriwa mara ya pili, mzungu wao alikuwa amesimama nyuma yao na bastola, aone nani anapiga juu. Kibwana hajui risasi iliyokupata ilikuwa ya nani. Alisema hivyo akitazama chini, akasema tena, "Sijui, Dada." Inaweza kuwa yake.

Sasa niambie nimfanye nini mtu huyo. Alikuhurumia, na huruma yake ndiyo iliyokutoa nyuma ya mnazi. Nilitaka muuaji nimchukie vizuri, akaniletea mtu mwenye njaa. Mlikula njaa moja nyie wawili. Mmoja akapewa maji, mwingine akapewa bunduki, mkapangwa mtazamane.

Nilimuuliza kama atarudi huko. Akasema kesho. Nikamuuliza kwa nini, na sauti yangu haikuwa nzuri. Akasema, "Huko kuna mchele." Ndivyo alivyosema, bila haya, na mie nilikuwa natwanga ming'oko, mizizi ya porini.

Nikaweka mchi chini. Nikamwonyesha mlango wa Mama.

Aliingia na hakubisha hodi. Nikamsikia anasema, "Ala, bibi kizee bado unalala? Mwanao alikuwa mvivu, kumbe amerithi kwako." Nikaziba mdomo. Akaendelea, akakutukana mguu wako mbovu, akatukana kuimba kwako, akasema hata ahera wamekupokea kwa sababu hakuna kwingine pa kukupeleka. Akadai chakula cha mtani. Mama akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi, "Hakuna kitu, mwanangu, tumekwisha." Kibwana akafungua mfuko aliokuja nao, akasema, "Umaskini gani huu, matanga yenu mpaka mtani ndiye alishe wafiwa?"

Mama akacheka. Kaka, alicheka, halafu akalia, halafu akampa mkono, akainuliwa. Alikuwa mwepesi mpaka Kibwana alitaka kuanguka naye.

Ulikuwa mchele. Mchele wa posho ya askari, na posho hiyo hawakulima wao. Nilipouchagua nilikuta punje nyekundu zile za bondeni kwetu. Huenda umetoka ghala la jirani kabla halijachomwa. Huenda ni wa kapu letu. Niliupika. Nilimpakulia Kibwana kwenye bakuli lako, kwa sababu Mama alikuwa ananitazama na bakuli jingine hatuna. Nami nikala, Kaka. Nilikula mpaka ukoko. Sikuona ladha ya dhambi, niliona ladha ya wali, na kwa hilo nina hasira kuliko yote.

Sikumsamehe. Asikudanganye mtu kwamba nimemsamehe. Alipoondoka sikumsindikiza hata hatua tatu. Wala Mama sijamwambia, na sitamwambia maadamu anapumua.

Sasa nakuacha upumzike, ndugu yangu mkaidi. Mwanao ameanza kutembea kwa kushika ukuta, na mguu wake mmoja unachechemea kama wako, sijui kwa kuiga au kwa kuzaliwa. Ipo siku atauliza. Watamwambia baba yake alikufa kwa kuamini maji, na watacheka. Nakuahidi nitakuwa nimewahi kabla yao. Nitamkalisha dunguni, mpunga ukiwa umeinama, nimwambie: baba yako aliomba siku kumi za kuvuna, akanyimwa.

Dada yako,
niliyekushika shuka.